Atlas, kompyuta iliyojifanya tajiri

Mwanaprogramu wa miaka ya 1950 alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni ile aliyotumwa, yaani kukokotoa. Ya pili ilikuwa uhamali. Kumbukumbu ya haraka ya kompyuta ilikuwa finyu na ghali, hivyo sehemu kubwa ya programu ilikaa kwenye silinda ya sumaku inayozunguka, na yeye ndiye aliyepanga, amri kwa amri, kipande kipi kiingie, lini, na kipi kitoke kukipisha. Akikosea hesabu, programu iliweza kujifuta yenyewe.

Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kiliyajua mateso hayo mapema. Tom Kilburn alikuwa akijenga kompyuta pale tangu miaka ya 1940, na mwaka 1956 akaanza mradi wa mashine mpya. Kampuni ya Ferranti ikajiunga baadaye, mashine ikapewa jina la Atlas, na ikazinduliwa rasmi tarehe 7 Desemba 1962.

Kumbukumbu yake ya haraka ilibeba maneno 16,384, kila neno likiwa na biti 48. Silinda zake nne zilibeba zaidi ya 98,000. Kilburn na wenzake waliamua kwamba mwanaprogramu asione mpaka wowote kati ya hizo mbili. Aandike kana kwamba ana uwanja mmoja wa maneno kama milioni moja, na uhamali ufanywe na mashine. Ndiyo kumbukumbu pepe hiyo. Haki itendeke: huko Berlin, Fritz-Rudolf Güntsch alishaeleza wazo linalofanana nalo katika tasnifu yake ya 1956. Ila Manchester waliliunda likafanya kazi.

Kila kitu kilikatwa katika kurasa za maneno 512. Kumbukumbu ya haraka ilitosha kurasa 32 tu, na kila nafasi ilikuwa na rejista iliyoshika namba ya ukurasa uliomo. Programu ikitaja anwani, rejista zote 32 zilikaguliwa kwa mkupuo mmoja. Ukurasa ukikosekana, saketi ziliisimamisha programu na kuiita Supervisor, programu kuu ya Atlas na mmoja wa mababu wa kiini cha mifumo endeshi ya leo. Supervisor iliuleta ukurasa, na programu ikaendelea pale pale ilipoachia, bila habari kwamba ilisimamishwa.

Lakini anayeingia lazima apishwe. Nani atoke? Hapa ndipo penye utamu. Wahandisi wa Atlas waliandika programu ya kujifunza: ilipima kila ukurasa umekaa bila kuguswa kwa muda gani, ikalinganisha na mapumziko yake yaliyotangulia, kisha ikabashiri upi utachelewa zaidi kuhitajika. Ni akili ya kupendeza, nayo ilifaa programu zinazozunguka mle mle. Kwa zisizo na mzunguko haikufua dafu: László Belady wa IBM alipozipima mbinu mbalimbali mwaka 1966, zilizo rahisi zilifanya vizuri zaidi.

Aibu kubwa ilikuja mashine zenye kumbukumbu pepe zilipobebeshwa programu nyingi kwa pamoja. Ziliganda, zikishinda kuhamisha kurasa badala ya kukokotoa, na wapinzani wa mbinu hiyo wakapata la kusema. Mwaka 1968 Peter Denning alieleza chanzo: kila programu ina kundi la kurasa inazozitumia kwa kipindi fulani, na makundi yasipoenea pamoja, zote huumia. Basi isiruhusiwe programu ambayo kundi lake halina nafasi. Mwaka uliofuata David Sayre wa IBM alionyesha kwamba uhamali wa mashine unaweza kushindana na wa mikono ya binadamu. Agosti 1972 IBM ikatangaza kumbukumbu pepe kwa kompyuta zake za System/370, na ubishi ukaishiwa nguvu.

Kompyuta ndogo zilisubiri. Chipu ya Intel 80386, ya mwaka 1985, ilikuja na saketi zake za kurasa, ila ilihitaji mfumo wa kuzitumia. Mwishoni mwa 1991, Mjerumani mmoja mwenye kompyuta ya megabaiti 2 alishindwa kukompaili kiini cha mfumo mpya wa Linux, akamweleza muundaji wake, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Torvalds alitumia siku za Krismasi kuongeza uwezo wa kuhamishia kurasa kwenye diski, jambo ambalo Minix, mfumo aliojifunzia, haukuliweza. Toleo la 0.12 lilitoka nalo Januari 1992.