Dunia Katika Miraba

Mwaka 1154, mjini Palermo, mwanajiografia al-Idrisi alimkabidhi Mfalme Roger wa Pili wa Sicilia kitabu kilichoigawa dunia katika kanda 7, kila ukanda vipande 10. Katika vipande hivyo 70 pwani yetu haikusahauliwa: Malindi imetajwa. Kisichobebeka kizima hukatwa, kikasomwa kipande kwa kipande.

Data rasta, yaani picha au ramani iliyokatwa miraba yenye tarakimu, ni hekima hiyohiyo mikononi mwa kompyuta. Mwaka 1957, nchini Marekani, Russell Kirsch aliipitisha picha ya mwanawe mchanga kwenye mashine, ikatoka miraba 176 kwa 176, kila mraba na tarakimu yake. Mraba huo ndio pikseli, nayo ikazaliwa hapo.

Swali lililozaa mifumo ya taarifa za kijiografia, hata hivyo, lilitoka kwetu. Karibu na mwaka 1960, kampuni ya Ottawa alikofanya kazi Roger Tomlinson ilitakiwa kutafuta mahali pa kupanda misitu ya kutengenezea karatasi nchini Kenya. Kupandanisha ramani nyingi kwa mkono kungegharimu fedha zisizopatikana. Tomlinson akaigeukia kompyuta, na wazo lake likazaa mfumo wa kwanza wa aina hiyo, huko Kanada.

Tarehe 23 Julai 1972 ikarushwa setilaiti ya Landsat 1. Katika picha zake za ardhi, pikseli moja ilifunika takriban mita 80 kwa 80, zaidi ya eka moja na nusu. Muongo mmoja baadaye zikaja pikseli za mita 30, kila moja pungufu kidogo ya robo eka. Katika miaka hiyo ya 1980 Dana Tomlin akaonyesha kuwa ramani hujumlishwa na kuzidishwa kama namba. Mraba wenye mvua ya kutosha upe 1, usio nayo 0, fanya vivyo hivyo kwa udongo na mteremko, kisha zidisha. Panapobaki 1 ndipo pa kupanda.

Mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Clark kikatoa programu ya kufanyia hesabu hizo, ikaitwa IDRISI kwa heshima ya yule mzee wa Palermo. Mwaka 2002 ikaanza QGIS, programu huria. Na tangu 2008 picha za Landsat hutolewa bure.

Kwa hiyo kazi iliyoishinda kampuni nzima sasa inafanyika kwenye kompyuta ya mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret. Lakini pikseli haijui jina la mto wala mpaka wa shamba; nusu eka ya mkulima ni pikseli mbili tu na kidogo. Anayeijua ardhi ndiye atakayeisoma vizuri. Kijana, anza na wilaya yako: pakua picha, piga hesabu, kisha nenda ukaikague kwa miguu. Swali lilikuwa letu tangu mwanzo. Tujifunze kulijibu wenyewe.