Saini Moja ya Florence Mills

Wasee, kuna wakati nilikuwa nacheka watu wanaolipa pesa mingi kwa karatasi kuukuu, eti kwa sababu staa fulani aliandika jina lake hapo. Si ni wino tu? Halafu nikasoma kuhusu Shuffle Along, kicheko kikaisha.

Hiyo ni komedi ya muziki iliyofunguliwa New York tarehe 23 Mei 1921. Waliyoitunga ni Wamarekani Weusi wanne: Miller na Lyles waliandika hadithi, Sissle akaandika maneno ya nyimbo, Eubie Blake akatunga muziki. Shoo ilichezwa zaidi ya mara 480, wakati Broadway ilikuwa karibu yote ya wazungu.

Sasa tuseme unakusanya saini za shoo hiyo. Ya Blake haitakusumbua sana. Mzee aliishi hadi 1983, na hata baada ya kupita miaka 90 bado alikuwa anapiga piano mbele ya watu. Mashabiki walikuwa na miaka mingi ya kumfikia na kalamu.

Ya Florence Mills ni stori tofauti. Aliingia kwenye shoo kuchukua nafasi ya mwimbaji mwingine, akawa nyota, akafika hadi London. Novemba 1927 akafariki, akiwa na miaka 31 tu. Maelfu walijaa mitaa ya Harlem kumsindikiza. Na hii ndiyo ilinimaliza: hakuna rekodi ya sauti yake tunayoweza kusikiliza leo. Mwimbaji! Picha zipo, sifa zipo, sauti hakuna.

Kwa hivyo programu aliyotia saini ni kitu alichokishika mwenyewe, na vitu kama hivyo ni vichache. Hapo naelewa wakusanyaji. Bila shabiki aliyeificha ndani ya kitabu, karatasi hiyo ingeishia kwa taka.

Lakini kuifungia kwenye sefu hadi bei ipande, hapo sikubali. Nyaraka za Blake zimehifadhiwa Baltimore, mji aliozaliwa, na watafiti wanazisoma. Saini ya Mills pia inafaa kuonekana na watu.

Na wewe, ukienda kuona mchezo wikendi hii, usitupe programu. Ngoja waigizaji wakitoka, omba saini, kisha andika nyuma tarehe na mahali. Usingoje mtu awe staa kwanza.