Mashini Inayochonga Chuma kwa Hesabu

Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna watu wengi leo, wala si mafundi wa kiwanda, ambao wamejiundia nyumbani mwao mashini ndogo ya kuchonga chuma. Mashini hiyo ina meza iendayo kushoto na kulia, mbele na nyuma, na juu yake kisu cha meno kiitwacho freze, ambacho huzunguka mbio na kula chuma kidogo kidogo. Meza haisukumwi na mkono wa mtu. Husukumwa na mota, nazo mota hutii kompyuta. Mtu aionaye mara ya kwanza husema: Basi, ufundi umekwisha, siku hizi mtu hubonyeza kitufe na kitu kinatoka. Sisi twaona kwamba asemaye hivyo hajamwona mwenye mashini akijifunza. Tena hajui historia yake. Nayo yafaa kujulikana, maana ndani yake mna shindano kubwa: ujuzi wa kazi ukae wapi, katika mikono ya fundi au katika karatasi za ofisi?

Tuanze Uingereza. Mwaka 1769 James Watt alipata hati ya serikali kwa mashini yake ya mvuke, lakini kwa miaka kadha mashini hiyo ilimsumbua sana. Silinda zake hazikuwa za mviringo kamili, na mvuke ulitoroka pembeni mwa pistoni. Aliyemwokoa ni John Wilkinson, myeyushaji wa chuma, ambaye mwaka 1774 alikuwa amepata hati ya mashini ya kutoboa mizinga. Kwa ajili ya silinda aliunda mashini nyingine, ambayo mhimili wake wa kukatia ulishikwa imara pande zote mbili. Mwaka 1776 Matthew Boulton, mwenzake Watt katika biashara, aliandika akisifu kwamba silinda yenye upana wa inchi 50 haikukosea mahali po pote hata unene wa shilingi ya zamani. Unene wa shilingi! Leo fundi akikosea hivyo atafukuzwa kazi, lakini siku zile watu walistaajabu, na mashini ya mvuke ikaanza kazi yake duniani.

Baada ya Wilkinson alikuja mtu ambaye sisi twampenda kuliko wote katika habari hii, naye ni Henry Maudslay. Alizaliwa mwaka 1771, na alipokuwa na miaka 12 alikwisha kuajiriwa katika ghala ya silaha ya Woolwich, kazi yake kujaza baruti katika risasi. Baadaye aliingia kwa Joseph Bramah, mtengenezaji wa kufuli, akawa kapita wa karakana yake. Mwaka 1797 aliomba aongezwe mshahara upite shilingi 30 kwa juma. Bramah akakataa. Maudslay akatoka, akafungua karakana yake mwenyewe, na huko akapambana na fumbo ambalo hata leo kila ajengaye mashini nyumbani hulikuta mlangoni.

Fumbo lenyewe ni hili. Ukitaka kukata skurubu ndefu iliyo sawasawa, yakupasa kuwa na mashini ya kukereza inayoongozwa na skurubu iliyo sawasawa. Je, ile ya kwanza utaitoa wapi? Maudslay alitwaa ufito wa kitu laini, akauzungusha, akaukaza kisu chenye umbo la mwezi mwandamo, kimelazwa mshazari kwa pembe aliyoipima. Kisu kikatembea chenyewe kandokando ya ufito kikiacha mfuo wa skurubu. Alifanya nyingi, akachagua iliyo bora, akaitia katika mashini ili ikate nyingine ya chuma, akatafuta makosa ya hiyo, akayasahihisha, akakata tena. Hivyo kutoka katika kitu kibovu kidogo alipata kizuri kidogo, na kutoka katika hicho kilicho kizuri zaidi. Hapakuwa na njia ya mkato.

Katika karakana yake mafundi walikuwa pia na vibao vya chuma vilivyo bapa kabisa, vya kupimia kazi zao. Joseph Whitworth, aliyekuwa mfanya kazi wake, ndiye aliyeeleza mbele ya wataalamu huko Glasgow, mwaka 1840, jinsi ya kuvipata. Hutwaliwa vibao vitatu, wala si viwili. Viwili vikilinganishwa peke yake, kimoja chaweza kuwa na tumbo na kingine kuwa na shimo, navyo vitapatana vizuri kama bakuli na kifuniko, na fundi atadanganyika. Lakini vikiwa vitatu, na kila kimoja kikipakwa rangi, kikalinganishwa na kila mwenzake, na palipogusa pakakwanguliwa kwa mkono, haviwezi kupatana vyote mpaka vyote viwe bapa. Angalieni jambo hili: unyofu wote wa viwanda vya ulimwengu umetoka katika rangi kidogo, kikwanguo, na mtu asiyechoka.

Habari za freze za kwanza tutazipita upesi. Zilitokea Marekani katika viwanda vya bunduki mwanzoni mwa miaka ya 1800. Zamani vitabu vilimpa Eli Whitney sifa ya kuibuni mnamo 1818. Wanahistoria wa siku hizi hawakubali tena, nao huona kwamba ilikuwa kazi ya watu wengi. Kwa miaka zaidi ya mia mashini hiyo ilibaki na vipini vya kuzungushwa na mkono, na fundi aliyevishika alikuwa na ujuzi wote kichwani na viganjani.

Mambo yaligeuka pale Traverse City, katika jimbo la Michigan. John T. Parsons alikuwa na kiwanda kilichotengeneza mabawa yazungukayo ya helikopta. Umbo la bawa ni mpindo mgumu, nalo lilihitaji vibao vya chuma vya kulipimia. Parsons na mhandisi wake, Frank Stulen, walitumia mashini za kuhesabu zilizosoma kadi zenye matundu, za kampuni ya IBM, ambazo kwa kawaida zilifanya kazi ya makarani. Walizifanya zihesabu mahali 200 katika mpindo mmoja. Kisha mtu mmoja alisoma tarakimu kwa sauti, mwenzake akazungusha kipini cha kushoto na kulia, na wa tatu kile cha mbele na nyuma; freze ikashuka, ikatoboa, ikapanda. Palipobaki vinundu palipitishwa tupa. Parsons akajiuliza: kama watu hawa wawili hufanya tu waliyoambiwa na tarakimu, kwa nini tarakimu zisizungushe vipini zenyewe?

Mwaka 1949 jeshi la anga la Marekani lilimpa mkataba, naye akaomba msaada wa chuo cha MIT. Wenye chuo waliichukua kazi, wakaifuata kwa njia yao wenyewe, na mwisho Parsons mwenyewe akajikuta pembeni. Septemba 1952 walionyesha mashini mbele ya watu: freze kubwa ya kampuni ya Cincinnati, ikiongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu, na kando yake kabati za taa zaidi ya 250, namna ya zile za redio za zamani. Kabati hizo zilikula nafasi kubwa kuliko mashini yenyewe. Hati ya Parsons na Stulen ilitolewa na serikali Januari 1958. Mwaka 1959 wenye chuo waliita waandishi wa magazeti, wakawapa kila mmoja kibweta cha majivu ya sigara, kilichochongwa na mashini kwa maagizo ya kompyuta. Kazi ngapi ndani ya kibweta cha majivu!

Lakini kulikuwa na njia nyingine, na hapa ndipo shindano tulilolitaja. Mnamo 1946 na 1947 kampuni ya General Electric ilijaribu mashini iliyoshika mwendo wa fundi. Fundi alichonga kitu cha kwanza kwa mikono yake, utepe wa sumaku ukanasa kila alipogeuza kipini, na baadaye mashini ikarudia kama alivyofanya. Katika njia hiyo ujuzi ulibaki wa fundi. Bila yeye utepe ulikuwa mtupu. Katika njia ya tarakimu, maagizo yaliandikwa ofisini na watu ambao pengine hawakushika freze maisha yao yote, na fundi akaachiwa kufunga chuma, kubonyeza na kungoja. Mwanahistoria David Noble, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alisema kwamba wakubwa walichagua tarakimu kwa sababu walitaka kuutoa ujuzi mikononi mwa wafanya kazi. Sisi twaona kwamba neno lake lina ukweli mwingi, ijapo si wote. Mpindo wa bawa la ndege hauwezi kunaswa kutoka kwa mkono usioweza kuuchonga. Tarakimu zilileta maumbo ambayo mkono haukuyajua. Lakini hakuna kilicholazimisha kwamba aandikaye tarakimu na ashikaye chuma wawe watu wawili, tena mmoja juu na mwingine chini.

Na tazameni jinsi mambo yalivyozunguka. Katika miaka ya 1980 David Gingery, wa Springfield katika Missouri, aliandika mfululizo wa vitabu vidogo kuonyesha jinsi mtu asiye na feza nyingi awezavyo kujenga karakana nzima kwa vyuma vya kutupwa: kwanza tanuru ya makaa, kisha mashini ya kukereza, kisha nyingine, hata freze. Aliyeyusha alminyumu chakavu na kuimimina katika mchanga, kama wafanyavyo mafundi wa masufuria katika miji yetu, ambao kazi hiyo haiwashangazi hata kidogo. Baadaye programu ya kuongoza mashini, iliyotungwa katika ofisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, iliachwa wazi kwa watu wote, na wapenda ufundi wakaiendeleza. Mwaka 2009 huko Norway ilitolewa nyingine, iitwayo Grbl, ndogo kiasi cha kukaa katika kibao cha umeme kinachoenea kiganjani. Kilichojaza kabati nzima mwaka 1952 kiliingia mfukoni mwa shati.

Basi, huyu aliyejijengea freze nyumbani hujifunza nini? Kwanza hujifunza kuhesabu kwa vidole vya mashini. Mota yake hugeuka kwa hatua, hatua 200 katika mzunguko mmoja. Ikiwa skurubu yake husogeza meza milimeta 5 kwa kila mzunguko, basi hatua 40 ni milimeta moja. Akiandika G1 X20 F300, ameagiza hivi: nenda moja kwa moja hata mahali 20, kwa mwendo wa milimeta 300 kwa dakika. Na hiyo 300 imetoka wapi? Freze ya milimeta 6 ina meno mawili, huzunguka mara 5,000 kwa dakika, na kila jino katika alminyumu lipewe kung'ata sehemu 3 za mia za milimeta. Zidisha, utaipata. Ukienda upesi mno, freze huvunjika. Ukienda polepole mno, meno husugua badala ya kukata, alminyumu hupata moto na kuganda juu yake, na mwisho huvunjika vile vile.

Kisha hujifunza uongo wa mashini yake. Huichongesha mraba na duara. Duara likitoka na mikato bapa pande nne, hujua kwamba kati ya skurubu na nati mna ulegevu: kila meza inapogeuza mwelekeo, skurubu huzunguka kidogo bure kabla ya kusukuma. Ndiyo sababu mafundi wa kale walikatazwa kulisha chuma kwa upande ule ambao meno huivuta meza kwao. Ulegevu ukishikwa na meno, meza huruka. Mashini ya MIT ilikuwa na vipimo vya kuiarifu mahali meza ilipofika kweli. Mashini nyingi za nyumbani hazina. Mota ikikwama, kompyuta huendelea kuhesabu kana kwamba hakuna neno, na kazi yote huharibika kimya kimya. Kwa hiyo mwanafunzi hukaa karibu, akisikiliza. Mlio wa kukata vizuri ni kama kitambaa kinachopasuliwa. Ukigeuka kuwa kelele ya kutetemeka, mkono huenda kwenye kitufe cha kusimamisha kabla kichwa hakijafikiri.

Huyo ndiye aandikaye tarakimu, ndiye afungaye chuma katika jiliwa, ndiye ashikaye tupa mwishoni. Vishikio vyake vya kwanza vya mota alivikata kwa msumeno wa mkono, matundu yake yamekwenda upande kidogo, na nati zimewekewa vipande vya bati ili zikae. Mashini ikisimama na kukubali kuchonga mraba ulio karibu na kweli, kazi ya kwanza ambayo wengi wao huipa ni kuchonga vishikio vipya. Hufungua vile vya msumeno, hutia hivi vipya mahali pake, huchukua saa ya kupimia, na kuanza tena kulinganisha meza.