Ramani ya Tana: Sehemu ya Tatu

"Leta taa karibu," nyanya alisema. "Hapo Belezoni."

Umeme ulikuwa umekatika Mjambere nzima. Nikamulika kwa simu. Ramani ilitandikwa mkekani, pembe zimebanwa kwa vikombe vya kahawa: maandishi ya Kijerumani, mwaka 1889, Witu imepakwa rangi ya waridi. Mwaka huo Wajerumani walikuwa bado wameishika Witu. 1890 wakawaachia Waingereza, wao wakapewa kisiwa cha Heligoland, na Oktoba Waingereza wakauchoma mji. Mwenye Witu hakuulizwa. Kongowea hata mbuzi hauzwi hivyo.

"Marehemu babu yangu alipita Belezoni akiwa kijana, na mtumbwi wa mpunga," nyanya akaendelea. "Akinambia kafi zilikuwa zagonga kingo zote mbili. Ule ni mfereji tu, watu wa Witu waliuchimba ili vyombo vitoke Tana viingie Ozi. Haya, tazama."

Nikatazama. Belezoni ilikuwa nene kuliko Tana yenyewe, maji yote yamiminikia Kipini. Ndivyo yaendavyo leo, tangu mto uliponogewa na mfereji ukauacha mlango wake wa zamani. Lakini mchoraji wa 1889 angeyajuaje ya leo?

"Nyanya, hii si yetu."

"Si yetu. Yetu aliichukua ami yako Jumapili, ati ikatiwe fremu. Akaregesha hii."

Kesi ilikuwa Jumatatu. Hati ya shamba yasema mpaka wa kusini ni mto, basi. Mto upi? Kwa ramani hii, mto ni Belezoni, na nusu ya shamba la mpunga imetutoka.

"Hodi wenyewe!"

Mgeni alikuwa na kanzu nyeupe na bomba la plastiki kwapani, lile la kutilia michoro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Hakuketi. "Nimeuziwa ramani. Aliyeniuzia aliniahidi na hati yake, na tangu juzi simwoni. Nimeambiwa hapa ni kwao."

"Mpigie tena," nikamwambia.

Akapiga. Simu ikalia chumba cha ndani, kile ambacho ufunguo wake nyanya huufunga kwenye pindo la leso. Nikainuka.

"Keti," nyanya akasema, bila kunitazama.

Mlio ukakatika. Mgeni akaiweka simu sikioni, uso ukambadilika.

"Imepokewa," akanong'ona. "Na si yeye."

Itaendelea wiki ijayo.