Ubadilishaji wa gia katika magari ya klachi mbili, Riyadh na Jeddah

Dereva wa gari la spoti lenye klachi mbili ana njia mbili za kubadili gia: kuiachia giaboksi ijichagulie, au kuchagua mwenyewe kwa vibao vilivyo nyuma ya usukani. Katika miji ya Riyadh na Jeddah, Saudia, uamuzi huo hutegemea joto, foleni na mteremko kuliko unavyotegemea ufundi wa dereva. Riyadh iko bara, kwenye uwanda wa takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu. Jeddah iko ukingoni mwa Bahari ya Shamu na hewa yake ni nzito kwa unyevu. Kati ya miji hiyo kuna safari ya kilomita zipatazo 950, na upande wa Taif msafiri hukutana na milima ya Sarawat, mahali ambapo aina hii ya giaboksi hupimwa kwelikweli.

Muundo

Giaboksi ya klachi mbili kwa hakika ni giaboksi mbili za kawaida ndani ya kasha moja. Klachi ya kwanza hushika gia witiri, yaani 1, 3, 5 na 7. Ya pili hushika gia shufwa, yaani 2, 4, 6 na, katika matoleo mapya, 8. Shafti moja ni bomba lenye uwazi, na nyingine hupita ndani yake. Gari likiwa gia ya tatu na likiongeza mwendo, gia ya nne huwa imeshaingizwa kwenye shafti ya pili, inasubiri tu klachi yake ishike. Klachi moja inapoachia nyingine hushika papo hapo, kwa hiyo nguvu ya injini haikatiki njiani kuelekea magurudumu. Kanyagio la klachi halipo. Kazi yake hufanywa na kompyuta kupitia vali za mafuta, mkusanyiko ambao mafundi huuita mekatroniki.

Wepesi huo unategemea giaboksi ibashiri sawasawa. Ikiwa nne imeandaliwa kwa sababu dereva alikuwa anakanyaga mafuta, kisha ghafla akafunga breki akitaka mbili, giaboksi lazima kwanza iiondoe nne na kuiweka mbili kwenye shafti ileile. Vivyo hivyo kutoka sita kwenda mbili: zote ni shufwa, zinakaa shafti moja, hivyo gia witiri lazima ishike kidogo katikati. Dereva anayeshusha mwenyewe mapema, gia moja moja, huiondolea giaboksi kazi ya kubahatisha. Katika gari la MP4-12C la mwaka 2011, McLaren iliweka kibao chenye hatua mbili: kukibonyeza nusu kuliiandaa gia inayofuata, na kukibonyeza chote kuliibadili.

Klachi ni za aina mbili. Klachi kavu hupoa kwa hewa na hutumika katika magari madogo. Klachi zinazozungukia ndani ya mafuta hustahimili nguvu kubwa, kwani mafuta hulibeba joto na kulipeleka kwenye kipoozi. Magari ya spoti karibu yote hutumia hizi.

Historia

Wazo hili huhusishwa na mhandisi Mfaransa Adolphe Kégresse, mwishoni mwa miaka ya 1930, lakini halikuzaa gari la kuuzwa. Porsche ililifufua katika magari ya mashindano ya 956 na 962 miaka ya 1980 kwa jina la PDK. Giaboksi hizo zilikuwa nzito na zilivunjika mara kwa mara, ila mwaka 1986 Hans-Joachim Stuck na Derek Bell walishinda Monza wakiendesha 962 yenye PDK. Gari la kwanza kuuzwa kwa umma likiwa na klachi mbili lilikuwa Volkswagen Golf R32 la mwaka 2003. Baada yake zilikuja Bugatti Veyron mwaka 2005, Nissan GT-R mwaka 2007, kisha Porsche 911 na Ferrari California mwaka 2008. Lamborghini Huracán ilifuata mwaka 2014. Chevrolet Corvette ya kizazi cha nane, ya mwaka wa modeli 2020, ilitoka bila giaboksi yenye kanyagio la klachi kabisa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mwaka 1982. BMW iliiacha klachi mbili katika M5 mpya iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2017.

Vibao vya usukani vina asili nyingine. Vilianza Ferrari 640, gari la Formula 1 lililobuniwa na John Barnard, ambalo Nigel Mansell alilishindia mbio za Brazil mwezi Machi 1989. Gari hilo lilikuwa na klachi moja.

Namna za kuchagua gia

Magari mengi humpa dereva hali tatu. D hupandisha gia mapema ili kuokoa mafuta. S huchelewa kupandisha na huwahi kushusha, hivyo injini hubaki imechangamka. M humwachia dereva: kibao cha kulia hupandisha, cha kushoto hushusha. Kuvuta vibao vyote viwili kwa pamoja huliweka gari katika gia huru katika Ferrari na katika Porsche 911 GT3.

Hata katika M kompyuta haiondoki kazini. Dereva akiomba gia ya chini ambayo ingepitisha mizunguko ya injini kiwango salama, ombi hukataliwa. Mizunguko ikifika kikomo wakati wa kupandisha, baadhi ya magari hupandisha yenyewe, na mengine hubaki yakigonga kikomo mpaka dereva avute kibao. Mwenye gari anapaswa kujua lake ni la kundi gani kabla ya kuingia barabara ya kasi, kwa kuwa tofauti hiyo huonekana pale tu ambapo hakuna nafasi ya kujifunza.

Mahali vibao vilipofungwa pana uzito kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Katika Ferrari na Lamborghini vimefungwa kwenye nguzo ya usukani na havizunguki nao, kwa hiyo kwenye kona ndefu dereva anajua kilipo cha kulia. Katika Porsche, Audi na McLaren vinazunguka pamoja na usukani, na hilo linamfaa dereva asiyeondoa mikono saa tatu na saa tisa. Nissan GT-R ilianza na njia ya kwanza ikahamia ya pili kwa modeli ya mwaka 2017. PDK za mwanzo za 911 zilikuwa na vitufe pande zote mbili, vya kusukuma ili kupandisha na kuvuta ili kushusha. Vililalamikiwa sana, na haki ilikuwa upande wa walalamikaji. Kwenye wenzo wa kati pia kuna mvutano: 911 ya kawaida ya wakati huo ilisukumwa mbele kupandisha, ilhali GT3 ya mwaka 2013 iligeuzwa kama magari ya mashindano, ivutwe nyuma kupandisha. Mpango huo wa GT3 ndio sahihi, kwa kuwa mwili nao huvutwa nyuma gari linapoongeza kasi.

Riyadh

Miji yote miwili ina mtaa unaojulikana kwa jina la Tahlia, na jioni mitaa hiyo hujaa magari ya thamani yanayokwenda polepole kuliko baiskeli. Mwendo huo wa kutambaa ndio adui wa klachi mbili. Kila gari linaposogea kidogo, klachi ya kwanza hushika nusunusu na kusuguana, na joto lake hubaki ndani ya mafuta wakati hewa ya nje imepita nyuzi 40. Kuchagua gia kwa mkono hakusaidii hapa. Kinachosaidia ni kuacha nafasi mbele, kusubiri, kisha kusogea kwa mkupuo hadi klachi ishike kikamilifu.

Nje ya mji mambo hugeuka. Mwaka 2018 kikomo cha mwendo kilipandishwa hadi kilomita 140 kwa saa katika baadhi ya barabara kuu, ikiwemo ya Riyadh na Taif. Kamera za Saher, zilizoanza kazi mwaka 2010, husimamia vikomo hivyo. Kwa mwendo huo D inatosha: 911 ya sasa huingia gia ya nane, ambayo ni ya kupumzisha injini, maana kasi yake ya juu kabisa huifikia katika ya sita. Wakati wa kulipita lori ndipo mkono unapohitajika. Kukanyaga mafuta hadi chini huilazimu giaboksi kushuka gia nyingi kwa mpigo wakati gari tayari limeanza kuhama njia. Kuvuta kibao cha kushoto mara tatu au nne kabla ya kuhama huiweka injini tayari.

 

Mteremko wa Al-Hada

Barabara ya Al-Hada inatoka tambarare ya upande wa Makka na kupanda hadi Al-Hada, karibu na Taif, kwenye kimo cha takriban mita 2,000. Ilijengwa na kampuni ya Mohammed bin Laden na kufunguliwa miaka ya 1960. Kona zake zimekunjana ubavuni mwa mlima, ukungu hushuka majira ya baridi, na nyani hukaa kwenye kingo wakisubiri chakula kutoka madirishani.

Anayeteremka katika D mara nyingi huiona giaboksi ikipanda hadi tano au sita, kwa sababu mguu umetoka kwenye mafuta na programu inaona ni nafasi ya kuokoa. Gari linazidi kuchapuka, breki zinabeba mzigo wote, na baada ya kona kadhaa harufu ya breki zilizoungua inaingia ndani. Akivuta kibao cha kushoto mpaka tatu na kubaki hapo, mshale wa mizunguko hupanda kufika elfu nne hivi, injini inalizuia gari, na mguu wa breki unabaki na kazi ya kona tu. Kwenye kona kali zaidi huongeza mvuto mmoja, kabla ya kukata usukani, si katikati ya kona.

Wakati wa kupanda, D husitasita kati ya tatu na nne. M huondoa usumbufu huo. Kosa kubwa ni kulizuia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo wakati foleni imesimama mlimani: klachi husuguana bila kushika na huweza kuharibika kwa muda mfupi. Breki ndiyo ya kuzuia gari.

Jeddah

Tarehe 22 Juni 2010 Jeddah ilipimwa nyuzi 52 za Selsiasi. Joto likiungana na unyevu huathiri hata sehemu za umeme. Novemba 2013 Volkswagen ilitangaza kubadilisha mafuta katika giaboksi za klachi kavu za magari yapatayo milioni 1.6 duniani, kutoka ya sintetiki kwenda ya madini, kwa sababu ya hitilafu za umeme zilizohusishwa hasa na hali ya joto na unyevu. Giaboksi ya Golf R32, ya klachi za mafuta, ilipangiwa kubadilishwa mafuta kila kilomita 60,000. Katika hali ya Jeddah kuwahi kabla ya hapo ni busara.

Uwanja wa Jeddah Corniche, wenye kilomita 6.174 na kona 27, ulifunguliwa kwa mbio za Formula 1 za tarehe 5 Desemba 2021, alizoshinda Lewis Hamilton. Wastani wa kasi katika kufuzu hufikia takriban kilomita 250 kwa saa. Magari ya Formula 1 yana gia nane na vibao, lakini hayatumii klachi mbili. Magari ya mashindano ya daraja la GT3 yaliyofunga msimu wa GT World Challenge Europe hapo Novemba 2024 nayo hutumia giaboksi ya mfuatano yenye gia sita. Mmiliki wa gari la barabarani anayeiga madereva hao anaiga mikono yao tu. Mitambo ni tofauti.



 

Afrika Mashariki

Wasomaji wengi wa Mombasa na Dar es Salaam wameiendesha giaboksi hii bila kujua, kwani Honda Fit na Vezel za haibridi za kizazi kilichoanza mwaka 2013 zina klachi mbili kavu na gia saba. Utaratibu wa kutotambaa kwenye foleni unazihusu pia.

Hali ya sasa

Kiwanda cha Lucid kilifunguliwa Septemba 2023 katika Mji wa Kiuchumi wa Mfalme Abdullah, kaskazini mwa Jeddah, na magari yake ya umeme hayana gia za kubadili. Mwaka huohuo Hyundai ilitoa Ioniq 5 N, gari la umeme lenye vibao vya usukani ambalo programu yake huiga mshtuko na sauti ya giaboksi ya klachi mbili yenye gia nane.