Sauti Ilivuka, Mwili Ukazuiwa

Eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo, kuanzia vijiji kama Swima mpaka mji wa Baraka, liko kati ya miziki miwili mikubwa. Magharibi kuna rumba ya Kinshasa, inayoimbwa kwa Kilingala. Mashariki, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kuna taarabu, nyimbo za Kiswahili ambazo asili yake ni pwani. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha ziwa maelfu ya watu wa Fizi, wengi wakaishia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, na muziki wa upande huo ukazidi kuwa wao. Historia ya miziki hii miwili inakanusha dai linalorudiwa makanisani, misikitini na bungeni, kwamba watu wasiotoshea kipimo cha mume na mke ni jambo lililoletwa juzi na wageni. Walikuwamo tangu zamani. Muziki uliwapa nafasi, ila kwa sharti gumu: sauti iruhusiwe kuvuka mpaka wa jinsia, mwili na jina vibaki vilipo.

Taarabu ndiyo yenye ushahidi mwingi. Mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na kikundi chake kilikuwa cha wanaume, akiwamo mshairi Maalim Shaabani. Katika muziki huu mtunzi na mwimbaji mara nyingi ni watu wawili. Shairi la mwanamume hutoka kinywani mwa mwanamke na hakuna anayeshtuka, maana mpenzi, muhibu na nyonda ni majina yasiyosema kama anayependwa ni mke au mume. Kisha ipo desturi ya kutunza. Msikilizaji huinuka katikati ya wimbo, akapita mbele akicheza na noti mkononi, na kwa tendo hilo ubeti unakuwa wake. Waliokaa ukumbini wanajua, au wanakisia, anamlenga nani. Fumbo halina mwenyewe mpaka mtu alitunze. Kwa mtu ambaye penzi lake halitajiki nyumbani, nafasi hiyo haikuwa ndogo. Na watu hao hawakukaa kwenye viti vya wasikilizaji tu. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd, katika makala yake ya mwaka 1987 kuhusu Mombasa, alieleza habari za wanaume waliojulikana mtaani kwamba wanapenda wanaume, nao walikaribishwa kwenye harusi za wanawake kama wapiga ngoma na watumbuizaji. Deborah Amory aliandika tena kuhusu watu wa pwani wa namna hiyo mwaka 1998. Shughuli ya wanawake, ambayo wanaume wengine walipigwa marufuku mlangoni, wao waliichangamsha.

Rumba nayo ilivusha sauti. Mtunzi Tabu Ley alimtungia mwimbaji wa kike Mbilia Bel nyimbo nyingi zilizompa jina miaka ya 1980, na wanaume wa rumba wameimba mara kwa mara kilio cha mke aliyeachwa, wakisema "mimi" kwa niaba yake. Mwimbaji Papa Wemba na wasape wake, yaani vijana wa kupenda mavazi, waliufanya urembo wa mwanamume kuwa fahari: suti, viatu, manukato, mwendo wa kujionyesha. Hata hivyo dola ilikuwa ikisikiliza. Mwaka 1978 Franco mwenyewe, mwanamuziki mkubwa kuliko wote nchini, alitiwa jela kwa nyimbo zilizohukumiwa kuwa chafu. Kama Franco hakupona, msanii mdogo alijua la kufanya: afiche.

Mpinzani atasema kwamba kuimba kwa sauti ya mwanamke si kuwa mwanamke, na kwamba ninawavisha wazee vazi la leo. Sidai lolote kuhusu mapenzi ya Siti wala ya Franco. Ninachosema ni kwamba jamii iliyozoea kusikia jinsia ikibadilishwa jukwaani kila usiku, na iliyomlipa mpiga ngoma wa aina ile atumbuize harusi ya binti yake, haiwezi leo kuapa kwamba haikuwajua watu hawa. Wengine, wenye moyo laini zaidi, watasema fumbo lilitosha. Watu waliishi kwa amani mpaka wanaharakati walipoanza kutaja mambo kwa majina yake. Hili nalikataa kabisa. Mpiga ngoma yule alisherehesha ndoa za wenzake na yake haikuwahi kupigiwa ngoma. Alipendwa kwa kazi yake, na kazi ilipokwisha akarudi kuwa kichekesho cha mtaa. Stara anayodaiwa mmoja tu, wengine wakiwa huru kutangaza mapenzi yao kwa vipaza sauti, ni kifungo.

Tena kufumba hakukuwalinda. Zanzibar ilitunga sheria mwaka 2004 ya kuwafunga wanaume wanaopendana, na wanawake pia. Na asiyefumba naye alizuiwa: Kenya, mwaka 2016, kikundi cha Art Attack kilipotoa toleo lao la "Same Love", wimbo wa mapenzi ya jinsia moja, bila fumbo lolote, bodi ya filamu iliupiga marufuku na kuitaka Google iuondoe. Google iliuacha ukiwa na onyo. Kongo iko tofauti kidogo. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inatambua ndoa kati ya mume na mke tu, lakini sheria ya jinai haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Anayekamatwa huandikiwa kosa la kuvunja maadili hadharani. Kwa hiyo shinikizo la Fizi halitokani kwanza na hakimu. Linatoka kwa baba mkubwa, kwa mchungaji, kwa mwalimu wa kwaya anayeamua nani asimame mstari wa mbele na nani atolewe. Hao ndio ninaowaomba: kijana wa Swima au Baraka anayeimba vizuri msimtoe kwenye kwaya kwa sababu ya jinsi anavyotembea.