Nyoka wa Simu ya Tochi

Husemwa kwamba vijana wetu ni watumiaji tu wa teknolojia. Historia ya simu inanizuia kukubali.

Mwaka 2003 Nokia ilitoa modeli 1100, ile tuliyoiita simu ya tochi. Michezo yake, ukiwamo wa nyoka, ilitoka kiwandani imeshafungwa humo. Haikuwa na Java, mfumo wa kupokea programu za watu wengine. Kijana wa Chanika, hata angekuwa hodari vipi, asingeweza kuiwekea mchezo alioutunga mwenyewe.

Simu zenye Java nazo zilikuwa na minyororo yake. Kampuni ya Sun ilinadi kwamba programu huandikwa mara moja ikaendeshwa popote. Hata hivyo, mfumo wa awali wa simu haukukokotoa namba za desimali, na Nokia nyingi za mwanzo zilikataa mchezo uliozidi kilobaiti 64 (picha moja ya leo haitoshi humo!). Vioo vilitofautiana pia, hivyo mchezo uleule mara nyingi ulihitaji kurekebishwa kwa simu tofauti.

Aprili 2010 Apple ilikataza programu za iPhone zilizotungwa kwa zana za kati za kampuni nyingine. Septemba ikalegeza.